Nyumba Isiyo na Ngazi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daftari hili nilipewa na nesi wa vidonda niandike saa za kumgeuza Aron na siku za kubadilisha bandeji. Kurasa nne za mwanzo ni hizo tu: saa mbili, ubavu wa kulia, saa nne, ubavu wa kushoto. Leo nimechoka kuandika saa. Naandika mambo mengine.

Mimi ni Eliza, mwalimu wa darasa la nne, miaka hamsini na sita. Mume wangu Aron ni fundi seremala. Nimeandika "alikuwa", nikafuta. Septemba mwaka jana alianguka kutoka kwenye kenchi ya paa la ghala kule Soni, akavunjika uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hahisi kitu. Tangu alipotoka hospitali mwezi wa kumi yuko chumbani, kwa kuwa nyumba yetu iko juu ya barabara ya Kwai, na kuifikia ni ngazi thelathini na moja za udongo zilizochongwa mlimani. Kiti cha magurudumu tunacho. Kimekaa sebuleni, nguo za kupigwa pasi zimerundikwa juu yake.

Kila Alhamisi hospitali wanataka kukiona kidonda cha mgongo. Kila Alhamisi tunamteremsha ndani ya blanketi, mimi, fundi mwenzake Kassimu, na yeyote tutakayemwona barabarani.

Jioni Alen amepiga simu kutoka Dar. Ni mtoto wetu wa pekee. Anasema tujenge kule chini kwenye shamba la kabichi, palipo tambarare, kando ya barabara. Ameona nyumba zinazotengenezwa kiwandani: chumba kinakuja kizima, na sakafu yake, milango, nyaya za umeme na choo, lori linashusha, mafundi wanaunga chumba na chumba kwa bolti. "Mama, wiki tatu kiwandani, siku tano huko kwenu. Basi." Nikamwekea Aron simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaugeukia ukuta. Mwili hawezi kuugeuza, kwa hiyo aligeuza kichwa tu.

Jumanne, 4 Machi

Joto la kabla ya mvua. Kiuno kinaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Tumemteremsha, tumempandisha. Kassimu yuko kwenye mfungo, na bado alibeba upande wa kichwa, ambao ndio mzito. Alijifunza useremala kwa Aron miaka sita. Sasa ana karakana yake hapo mbele barabarani. Baada ya kumlaza alikaa kwenye ncha ya kitanda kupumzika, akasema tu kwa kutafuta la kusema: "Fundi, kule chini kwa kabichi, ungekuwa ni wewe ungejenga nini?"

Aron hajatamka zaidi ya maneno kumi kwa siku tangu Krismasi. Aligeuza kichwa kutoka ukutani. Kisha akasema, "Lete karatasi."

Nimempa karatasi za mtihani wa mwaka jana, achore kwa nyuma.

Jumapili, 9 Machi

Anachora. Ni nyumba ya fremu ya mbao: nguzo za saiprasi, mihimili imechongwa ndimi zinazoingia kwenye matundu ya nguzo na kukazwa kwa vigingi, hakuna msumari. Kuta zinajazwa baadaye, fremu ndiyo inayobeba paa. Anasema nyumba ya namna hiyo ikitikiswa inatikisika na kurudi mahali pake. Milango mipana, veranda pande mbili. Nilimuuliza itachukua muda gani. Akasema, "Kama mbao zipo."

Amenyolewa ndevu. Ameomba mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda Muheza kuiona nyumba ya kiwandani kwa macho yangu. Mwanaheri, jirani wa chini, amekaa na Aron kutwa.

Mwenye nyumba ni Bi Shamsa, anauza iliki na mdalasini sokoni. Aliiweka kwa ajili ya mama yake, asiyeweza kuinua mguu. Kwa nje ni sanduku jeupe lenye paa. Hata nisingesimama kuitazama. Bi Shamsa hakuipamba. "Mwalimu, nikwambie ukweli. Mvua ikinyesha humu hatusikilizani. Na ukutani hupigi msumari ovyo, unawapigia simu kwanza wakuelekeze. Jua la mchana unalijua."

"Na uzuri wake?"

"Mama anakwenda chooni mwenyewe."

Akanionyesha choo. Niliinama nikapitisha kiganja pale ambapo kizingiti kingekuwa. Hakuna kitu. Sakafu inatoka chumbani, inaingia chooni, laini, kama haijui kwamba imebadili chumba. Nilikaribia kumlilia mgeni kwa sababu ya sakafu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimekwisha kuhamia.

Jumapili, 16 Machi

Nimemweleza Aron. Alinisikiliza huku ananoa penseli kwa wembe.

"Mgoshi," nikamwita mume wangu kwa Kisambaa, "ni mwezi mmoja tu. Mvua haijakaza utakuwa ndani."

"Miaka arobaini nawajengea watu nyumba. Leo yangu ije juu ya lori kama kabati la dukani?"

"Ije juu ya chochote, ili mradi ije."

"Sitalala ndani ya kontena, Eliza."

"Na mimi nitalala wapi?"

Hakuelewa swali. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni, akasema kutakuwa na vyumba viwili, kimoja na kingine.

Nimekubali fremu ya mbao. Sikushawishika. Nilichoka kubishana, na leo amekula sahani mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Haikupiga hodi.

Jumanne, 25 Machi

Kassimu amezunguka kwa wapasua mbao watatu. Saiprasi yote iliyopo imekatwa Januari, bado ina maji. Alileta kipande. Aron alikandamiza ukucha wa dole gumba, akaunusa ukucha, akasema, "Bado inalia. Ukiichonga leo, mwezi wa saba kila kiungo kitakuwa kimefumbua mdomo." Waipange shambani, vipande vyembamba katikati ili upepo upite, bati juu. Isubiri.

"Isubiri mpaka lini?" nikauliza.

"Mbao itasema."

Jumatano, 26 Machi

Mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Ngazi ya tisa imeng'oka. Nimeweka jiwe.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Kassimu ametuletea pilau kwenye hotpoti. Kabla hajaonja, Aron aliuliza kama bati lililofunika mbao linavuja. Kila asubuhi Kassimu anapita hapa kabla ya kwenda karakana, "Shikamoo fundi," kisha wanazungumza nusu saa: mbao zimekaaje, nguzo ya pembeni iwe inchi sita au nane. Nikiwa jikoni nasikia sauti ya mume wangu wa zamani. Nikiingia na chai, sauti inashuka.

Alhamisi, 3 Aprili

Kidonda kimepanuka. Nesi amesema ni kule kuburuzika ndani ya blanketi, na kulala muda mrefu ubavu mmoja. Akanitazama. Nilitaka kumwambia kwamba nina darasa la watoto sabini na wawili na kwamba mimi pia nina ubavu. Nikasema, "Nimesikia, nesi."

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanaheri amesema stoo yake ya viazi iko barabarani kabisa, haina hata ngazi moja, tumlaze Aron pale mpaka nyumba iishe. Aron amekataa. Asilale stoo kama viazi. Mimi nami nilimshukuru Mwanaheri kwa sauti ya kukataa. Sijui kwa nini. Aibu, nadhani. Watu wapite wamwone.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mbao bado.

Jumanne, 8 Aprili

Leo Aron amempigia Kassimu kelele. Eti amezipanga mbao zikiuelekea mlima, hazipati upepo. Kassimu ana miaka arobaini na watoto wanne, alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia mkononi kama mwanafunzi wangu aliyechelewa.

Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi ili nimwombe radhi. Akasema, "Mwalimu, hilo halina neno. Lakini nikwambie kitu? Mbao zile hazikauki kabla ya mwezi wa nane. Kwa mvua hii na ukungu huu? Na mwezi wa nane wenyewe ni Mungu akijalia."

"Umemwambia?"

"Nimwambie mimi? Yeye ndiye aliyenifundisha."

Akashuka. Nikabaki nimesimama kwenye mvua mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Kumbe anajua. Alijua tangu ile siku ya ukucha. Kila Alhamisi naning'inia kwenye ncha ya blanketi, naye anajua.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemgeuza, nimemwosha, nimemlisha. Sikusema neno, naye hakuniuliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Bado sisemi. Nimegundua kwamba kunyamaza nako kunachosha.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sikwenda kanisani. Nililala saa moja na nusu kwenye kiti, nguo zikiwa mapajani.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mwandiko ni wa darasa la kwanza. Lakini lazima niandike leo.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki ile nyembamba. Kassimu alishika upande wa kichwa, Hashimu wa dukani alikuwa katikati, mimi miguuni. Miguu si mizito, lakini anayeishika anashuka kinyumenyume na haoni anapokanyaga. Nilihesabu ngazi kimoyomoyo. Kwenye ya kumi na saba udongo ulinikimbia chini ya kisigino. Niliona majani ya migomba, halafu mbingu. Nikasikia kitu kimevunjika kama kijiti kikavu, nikadhani ni fito ya ua.

Ulikuwa mkono wangu.

Blanketi lilinitoka. Hashimu naye akaanguka, na Aron akateleza juu ya tope ngazi nne au tano mpaka kwenye kichaka cha matete, akalala pale kifudifudi. Nilimwita. Hakujibu. Nilitambaa kwa mkono mmoja. Kassimu alifika kabla yangu, akamgeuza, akamfuta tope puani na mdomoni. Aron alikuwa macho. Hakuniuliza kuhusu mgongo wake wala kidonda. Aliutazama mkono wangu, uliokuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na uso wake ukavunjika. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mama yake. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mvua ikiingia. Watu walikuwa wamekwisha kujaa barabarani.

Hospitali walinifunga plasta. Walisafisha kidonda chake, mchanga ulikuwa umeingia. Mchana tulikuwa kwenye korido, yeye kwenye kitanda cha magurudumu, mimi kwenye benchi kando yake, tukisubiri dawa. Kassimu alikwenda kutafuta chai. Hapo ndipo tulipozungumza, na nataka niyaandike yalivyokuwa.

Aron alisema, "Nilijua mbao hazitakauka."

"Najua kwamba ulijua."

"Tangu lini?"

"Wiki moja na siku mbili."

Akafumba macho. "Ndiyo maana ulinyamaza." Kisha akasema, "Kila asubuhi kulikuwa na mtu anakuja kuniuliza jambo. Nguzo iwe nene kiasi gani. Paa lilale vipi. Nikiamka najua leo nitaulizwa. Nyumba ikija kwa lori, nani ataniuliza nini? Nikaona, acha mbao zichelewe. Sikufikiri kwamba unachelewa nazo wewe."

Ningeweza kumwacha abebe kosa lote. Lilikuwa jepesi kumwachia. Lakini nilikuwa nimechoka mno kuficha, nikamwambia na langu.

"Mimi nilipoitaka ile nyumba ya Muheza, Aron, sikuitaka kwa ajili yako. Kila mtu nilimwambia ni kwa ajili yako. Niliitaka ili uweze kwenda chooni bila mimi. Ili nikae chumba kingine nisikusikie. Nilitaka kupumzika mbali na wewe."

Niliona aibu, nikatazama plasta. Muuguzi alipita na ndoo. Aron alinyoosha mkono, akashika vidole vyangu vilivyotokeza kwenye plasta, vimevimba kama ndizi mzuzu.

"Kwa mke wa mtu kama mimi," akasema, "hayo si makosa. Nipe simu."

Alimpigia Alen mwenyewe. "Mwanangu, hiyo nyumba yako ya kiwandani. Nataka kuongea na anayeichora. Si anayeiuza. Anayeichora."

Hatukurudi juu. Kassimu alitushusha kwa Mwanaheri. Tumelala stoo, na inanuka viazi, na barabara iko hatua nne kutoka mlangoni.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kengele ya kanisa imetufikia kwa karibu. Mwanaheri ametuletea maharage na mihogo, akasema, "Si niliwaambia?" Ana haki.

Jumatano, 23 Aprili

Mchoraji anaitwa Paskali, kijana wa kiwandani. Aron amezungumza naye kwa simu, sauti imefunguliwa, mchoro upo mapajani mwake.

"Mlango wa choo unafungukia wapi?"

"Ndani, mzee. Ndivyo kawaida."

"Mtu akianguka nyuma ya mlango, mtaufunguaje?"

Kukasikika mkwaruzo wa karatasi.

"Paskali?"

"Naandika, mzee."

Wamekaa saa nzima. Mlango utafungukia nje. Swichi zishuke mpaka usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Paa litokeze zaidi upande wa mvua. Paskali alipinga hilo la paa, Aron akamweleza mvua ya huku inavyoanguka kwa ubavu, na Paskali akaandika. Baadaye kijana akaniuliza pembeni kama mzee anaweza kutazama michoro mingine waliyo nayo. Nimemwambia amuulize mwenyewe.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Paa la stoo linavuja mahali pawili, ndoo mbili.

Jumatatu, 5 Mei

Kassimu amemwaga zege la nguzo fupi kumi na mbili ambazo nyumba itakalia. Aron alikuwepo kutwa. Nimeondoa nguo kwenye kiti, amekikalia, turubai juu yake na mto wa nesi chini yake, na kila baada ya muda anajiinua kwa mikono kupumzisha mgongo. Majirani wanaopita wanasimama kumwamkia. Niliyekuwa naogopa wamwone ni mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Leo Aron alitazama nguzo kutoka kwenye kiti akasema, "Ya tatu imezama." Kassimu akasema ameipima jana. "Pima tena." Wakaleta mpira wa maji wa kupimia usawa. Imezama nusu inchi, tope limelainika chini yake. Wamechimba upya, wote wawili wamekasirika, kila mmoja kwa sababu yake. Nilicheka. Mkono uliniuma nilipocheka.

Mbao za saiprasi bado ziko pembeni chini ya bati. Kassimu amezinunua kwa ajili ya karakana. Aron amemkataza kuzigusa kabla ya mwezi wa nane.

Jumatano, 21 Mei

Lori lilipaswa kufika jana. Maporomoko yamefunga njia ya Mombo. Nilipoambiwa sikusikia kitu, hata hasira. Nilisahihisha daftari za hesabu mpaka nikaanza kuweka tiki kwenye makosa.

Ijumaa, 23 Mei

Yamefika malori mawili na winchi. Nusu ya kijiji imekuja kutazama chumba kikipita hewani. Kilining'inia juu ya kabichi, kikizunguka polepole, mapazia ya nailoni yakipepea madirishani kana kwamba kuna mtu ndani. Aron hakutazama juu. Alitazama nguzo zake. Kilipokaa hakikulia, hakikuyumba. Msimamizi wa kiwanda akaweka pima maji sakafuni, akainua kidole gumba kwa Kassimu, na Kassimu akanyoosha mkono kumwonyesha aliyestahili.

Jumatano, 28 Mei

Tumehamia. Mvua ikinyesha kweli hatusikilizani.

Kuna vyumba viwili. Usiku wa kwanza nililala changu. Wa pili nilimfuata kwake. Leo nimerudi kwangu. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 1 Juni

Alikwenda chooni mwenyewe. Alichukua dakika arobaini, akajipiga kiwiko. Nilisimama nje ya mlango nikiwa nimeuma kanga. Alipotoka akasema bawaba ya juu imekazwa vibaya.

Alhamisi, 5 Juni

Kidonda kimepungua. Nesi aliuliza daftari, nikamwambia limejaa.

Jumatano, 11 Juni

Mvua imekwisha, imebaki baridi na ukungu. Plasta ilitolewa juzi; mkono ni mwembamba na mweupe, kama wa mtu mwingine.

Nimerudi kutoka shule saa tisa. Nilimwita, kimya. Chumba chake kitupu, choo kitupu, jikoni kikombe kimeoshwa na kufunikwa. Kiti hakipo. Nilitoka mpaka barabarani. Kwenye lami yenye unyevu kulikuwa na alama mbili za magurudumu ya tope zinazoelekea upande wa karakana ya Kassimu, mita mia tatu, barabara imelala sawa mpaka pale. Alama zimeyumba mahali fulani, zikasimama, zikaendelea.

Hashimu alikuwa mlangoni mwa duka. "Mwalimu, shikamoo. Unamtafuta mzee? Nimfuate?"

"Marahaba, Hashimu. Mwache."

Nikarudi ndani. Ilikuwa mchana kweupe, watoto wanapita barabarani, kuna nguo za kuanua na mchele wa kuchambua. Niliingia chumbani kwangu, nikavua viatu, nikalala.